Peleti sio mkaa: namna ya kupakia pikapu kutoka Mafinga mpaka Dodoma ukafika na breki zako

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Safari yangu ya kwanza kubeba peleti za mbao (vumbi la mbao lililoshindiliwa, la kupikia badala ya mkaa) nilipakia gunia ishirini kwenye Hilux ya singo kabini, nikarudi nyuma hatua tatu nne nikaliangalia gari, nikaona bado, nafasi ipo. Na kuli mmoja pale akanitia moyo kabisa, "bosi, gari linadai hilo." Miaka yote mi nilikua nabeba mkaa na mahindi, na gunia nilizoenda nazo zilikua zilezile za mkaa, zile kubwa zinazoingia mahindi kilo mia. Gunia ishirini za mkaa na lumbesa zake gari langu lilikua linabeba, linainama kidogo, tunafika Dodoma tunakula ugali tunalala. Sasa hizi za peleti hazikua hata na lumbesa, zimeshonwa midomo vizuri, zimepita ukingo wa bodi kiasi, ila paa la kabini hazijalifikia. Nikasema leo nimebeba mzigo wa kitoto.

Nimetoka Iringa usukani nauona mwepesi mwepesi nikadhani ni lami nzuri. Kufika mteremko wa Nyang'oro, zile kona, nakanyaga breki gari linapunguza mwendo kama linaombwa. Kona ya pili naanza kusikia harufu ya kitu kinaungua, ya tatu pedali inashuka chini kuliko kawaida, hapo utingo wangu ambaye huwa haongei safari nzima akasema "kaka, paki." Nikashusha gia mpaka injini ikalia kama inakufa, nikapata sehemu pana nikaegesha, tukaweka mawe kwenye matairi tukakaa karibu saa zima tunaangaliana. Dodoma nilifika usiku, na kesho yake fundi akanionesha jani moja la springi limekatika na pedi za breki zinang'aa kama kioo. Shuleni tulikopeleka ule mzigo wana mzani wa stoo, tukapima gunia moja, kilo 88. Zidisha kwa ishirini. Kilo 1,760, kwenye gari ambalo halitakiwi kubeba hata tani moja na nusu.

Kosa lilikua hapo tu, macho. Peleti ni vumbi la mbao lililokaushwa likashindiliwa na mashine likatoka vipande vidogo vya mviringo kama vijiti vifupi, unene milimita 6 mpaka 8, na kwa sababu vimeshindiliwa, uzito umejificha ndani. Meta moja ya ujazo ya peleti ina kilo 600 mpaka 750, we weka 650 kwenye hesabu zako. Mahindi makavu ni 700 na kitu. Mkaa ni kama 200 hadi 250 hivi. Yaani gunia lilelile ukijaza mkaa bila lumbesa unapata kilo 30 na ushee, ukijaza peleti unakaribia 90. Kwahiyo kichwani kwako ziweke kundi moja na mahindi, usiziweke na mkaa eti kwa sababu zote mwisho wa siku zinaenda jikoni. (Na ukiagiza sema peleti za kupikia, maana hata chakula cha mifugo kinaitwa peleti, nimeshaona mtu kaletewa za kuku.)

Biashara yenyewe imechangamka tangu serikali iseme taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa mwisho 31 Januari 2024. Shule, vyuo, magereza, wote wakaanza kutafuta nishati nyingine, wengine wakaenda gesi, wengine makaa ya mawe yaliyosindikwa, wengine majiko ya peleti. Na Mufindi kule, ndiko Mafinga iliko, kuna msitu wa Sao Hill na viwanda vya mbao vimejazana, vumbi la mbao limerundikana kama vichuguu. Ndo maana sisi wenye pikapu tunajikuta kwenye hii njia, Mafinga mpaka Iringa kama kilomita 80, Iringa mpaka Dodoma kama 260.

Sasa jambo la kwanza kabla hujampigia mtu wa kiwandani, jua gari lako linabeba nini. Sio unachodhani, na sio alichokwambia aliyekuuzia. Fungua mlango wa dereva angalia kibao au stika kwenye nguzo, au chukua kadi ya gari, utakuta uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa jumla unaoruhusiwa. Toa. Mfano uzito wa jumla ni kilo 2,800 na tupu ni 1,600, imebaki 1,200. Watu wengi wanaishia hapo wanashangilia, kumbe bado. Hiyo 1,200 ni pamoja na wewe, utingo, boksi la spana, zile bomba za chuma ulizochomelea kuzunguka bodi na bampa la mbele la kutishia ng'ombe. Weka wewe 75, utingo 70, machuma 80, umebaki na 975. Hiyo ndo ya peleti. Kwa mifuko ya kilo 25 ni mifuko 39. Kwa mifuko ya kilo 15 ni 65. Kwa zile gunia zangu za kilo 88 ni gunia 11, na mimi nilikua nimepakia 20 na mtu ananiambia gari linadai.

Wenye dabo kabini mnaumia zaidi, bodi ni fupi na bado mnabeba abiria watano ndani. Watu watano wa kawaida ni kilo 350, hiyo ni mifuko 14 ya peleti imekaa kwenye siti inachati. Ukitaka kubeba mzigo wa kweli na dabo kabini waambie shemeji na watoto wapande basi. Na kirikuu, hizi Suzuki Carry, zimetengenezwa Japani kwa mzigo wa kilo 350, kwahiyo ni mifuko 14 ya kilo 25 basi. Najua umeshaona kirikuu imebeba mifuko ya saruji 20 inapanda kuelekea Chuo Kikuu, hata mi nimeiona, na nimeiona pia imelala mtaroni.

Kitu kingine cha kuangalia ni lugha ya tani. Ukiangalia video za Wamarekani wanasema pikapu imebeba tani moja ya peleti, ujue tani yao ni kilo 907, mifuko 50 ya kilo 18, na pikapu zao nyingi ni kubwa kuliko zetu. Usichukue mfano pale.

Mizani ya barabarani isikupe moyo wala isikutishe. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo kwetu ilianza kutumika 2019, inagusa magari yenye uzito wa jumla kuanzia tani 3.5, kwahiyo pale kwenye mzani wa Wenda Iringa utaona malori yanakunja kuingia we unapita. Hakuna anayekupima. Watu wanatafsiri hiyo kama ruhusa, kumbe maana yake ni kwamba wa kujipima ni wewe mwenyewe, alafu trafiki akikukuta njiani gari limekalia matairi hahitaji mzani kukuandikia. Ukipata nafasi pima gari zima kwenye ghala la nafaka au kiwanda cha alizeti chenye mzani wa magari, ongea nao vizuri, na uwaombe wapime tairi za nyuma peke yake pia, maana unaweza kua sawa kwa jumla lakini nyuma umezidisha.

Kama hamna mzani tumia rula. Mi nafanya hivi, gari likiwa tupu napima kutoka katikati ya tairi la nyuma mpaka kwenye ukingo wa bodi juu yake naandika kwa peni ya maka ndani ya mlango. Nikishapakia mzigo ninaojua uzito wake napima tena. Baada ya safari mbili tatu unajua kila kilo mia zinashusha sentimita ngapi, na siku ukikuta limeshuka kuliko kawaida unajua mwuzaji kakuongezea au kuli kakosea hesabu. Chungulia pia chini, kuna raba imekaa juu ya ekseli ya kuzuia springi isigonge chesesi. Ikiwa imegusa au imebaki kidole kimoja, shusha mzigo, hakuna mjadala.

Na hapa nitamkwaza mtu. Kuongeza majani ya springi hakuongezi uwezo wa gari. Mafundi pale Dodoma watakuongezea mawili matatu na gari litasimama kama jogoo, halitainama tena hata ukipakia tani mbili, na hapo ndo umejipofusha, maana kuinama ndo ilikua dalili yako. Breki ni zilezile. Beringi zilezile, ekseli ileile, chesesi ileile, matairi yaleyale. Springi nene zinakusaidia gari lisigonge kwenye matuta ukiwa ndani ya uzito wako, ila zile namba za kwenye mlango hazibadiliki kwa sababu fundi amechomelea kitu.

Matairi. Hapa ndo pesa iende kama huna pesa ya kila kitu. Kwenye ubavu wa tairi baada ya saizi kuna namba, kwa mfano 112 au 91, hiyo ni kiwango cha mzigo. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, 91 ni kilo 615. Ukifunga nyuma tairi mbili za 91 kwa sababu ulizipata bei rahisi, zote mbili zinabeba 1,230, na hapo gari lenyewe likiwa tupu limeshakalia nyuma kama kilo mia sita hivi, ukiweka peleti kilo 975 umeshapita. Tairi haitapasuka kiwandani, itakusubiri saa nane mchana jua la Mtera, kule bondeni katikati ya Iringa na Dodoma. Angalia na umri, kuna herufi DOT na mwishoni namba nne, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Mtumba wa tairi una kashata (meno ya tairi) nzuri unaweza kua na miaka kumi, raba imekauka kama biskuti.

Upepo jaza asubuhi tairi likiwa limepoa. Stika ya mlangoni inakua na vipimo viwili, gari tupu na gari lenye mzigo, fuata cha mzigo, nyuma huwa ni juu zaidi. Usimwambie kijana wa upepo "weka tu kama kawaida", kawaida yake ni ya Noah. Nunua geji yako mwenyewe, ni bei ya soda chache. Na njiani tairi likipata moto ukapima ukaona upepo umepanda usipunguze, ni joto tu, likipoa litarudi, ukipunguza linaenda kua laini linazidi kupata moto. Spea nayo. Nimeshakutana na jamaa ana spea haina upepo hata kidogo, na mzigo juu ya gari, na jeki ya kirikuu.

Breki sitakaa sana, ila mwambie fundi afungue nyuma pia, sio mbele tu. Watu wanabadilisha pedi za mbele kila siku na viatu vya nyuma vina miaka, na ukishapakia mzigo ndo breki za nyuma zinatakiwa kufanya kazi. Mafuta ya breki yakiwa meusi yabadilishe. Yanavuta unyevu taratibu, na kwenye mteremko yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unaminywa, ndo ile pedali inazama mpaka chini. Maji ya rejeta, mkanda wa feni, taa za breki ziwake zote, basi.

Kupakia sasa. Mifuko ya peleti mingi ni ya nailoni inateleza kama samaki, na ndani vipande vyenyewe vinabingirika, kwahiyo mfuko haukai pale ulipouweka kama mfuko wa saruji. Tandika turubai au plastiki nzito chini kwanza, bodi za pikapu zina matundu na maji ya barabarani yanarukia kutokea chini. Anza kupanga kwenye ukuta wa kabini, ubanane nao kabisa bila nafasi, alafu rudi nyuma. Uzito mwingi uwe mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake, sio nyuma yake. Ukianza kupangia mlangoni kwa sababu makuli wanaona uvivu kusukuma mpaka ndani, mbele ya gari inanyanyuka, usukani unakua mwepesi (ndo ule wepesi niliofurahia mimi), na taa usiku zinamulika juu ya mibuyu badala ya barabara. Madereva wanaokuja watakupigia taa mpaka uchoke.

Panga kama matofali ya nyumba, mstari wa kwanza mifuko ilale hivi, wa juu yake ukatishe, kila mfuko ukalie miwili ya chini. Usawa wa mzigo uwe mmoja, mbele mpaka nyuma, kulia na kushoto. Na usipite juu ya ukingo wa bodi kama huna sababu. Kwa peleti sababu ni nadra, maana bodi ya singo kabini ikijaa peleti mpaka ukingoni tu imeshafika karibu tani, na ya dabo kabini kama kilo 700. Hii ni bahati nzuri kwa kweli, ukingo wenyewe ndo mstari wako, ukiona mifuko inaanza kuuvuka simamisha makuli hata kama wanakucheka. Wao wanalipwa kwa mfuko.

Kama umepewa peleti za kumwaga bila mifuko, kataa. Zitamwagikia barabarani kupitia mlango wa nyuma, na kwenye kona zinahama upande mmoja kama maji. Kama hamna namna basi zijaze kwenye salfeti ndogo za kilo 50 ushone.

Kufunga. Mipira ya tyubu ile ya bodaboda inavutika, kazi yake ni kushika kreti ya soda, sio tani. Kamba ya manila inafaa ukijua kukaza, ila inalegea ikipata joto na mtikisiko. Mi siku hizi natumia mikanda ya kukaza na rachi (kile chuma cha kukazia chenye meno), minne, miwili inapita juu ya mzigo kukatisha, miwili kwa mkao wa msalaba nyuma mzigo usirudi. Kila mkanda una lebo imeandikwa nguvu yake, isome. Kipimo wanachotumia watu wa usafirishaji nchi nyingi ni kwamba ufungaji wako uweze kuzuia mbele asilimia 80 ya uzito wa mzigo na pembeni na nyuma asilimia 50. Ya mbele inasaidiwa na ukuta wa kabini, ndo maana nikasema banana nao, ukiacha nafasi ya nusu mita, siku ukifunga breki ghafla kilo 900 zinapata mbio kwanza kabla hazijagonga mgongo wako. Funga kwenye ndoano za bodi zenyewe au kwenye chesesi, usifunge kwenye bomba ulilochomelea wewe na jirani. Pembeni ya chuma kikali weka kipande cha gunia mkanda usikatike.

Hakuna mtu juu ya mzigo. Hata "namsogeza tu hapo Migori".

Turubai ni lazima hata kiangazi. Peleti zikipata maji zinavimba zinarudi kua vumbi la mbao, dakika chache tu, na hazirudi tena, utapeleka uji shuleni. Masika ya Dodoma kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili mvua ni chache ila inakuja ya kishindo bila kubisha hodi. Kiangazi shida ni upepo, ule wa Juni mpaka Septemba ukipata kona ya turubai ambayo hujaibana linakua tanga la jahazi, linapiga mpaka linachanika na linatikisa gari. Funika, kunja kona kama bahasha, kamba ipite juu.

Kilomita 20 za kwanza simama. Kaza mikanda, mzigo utakua umejishindilia na mikanda imelegea, hii ni kila safari sio bahati mbaya. Gusa matairi na vitovu vya magurudumu kwa nyuma ya mkono, kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake kuna breki inakamata au beringi inakufa. Alafu rudia kila unaposimama.

Barabara yenyewe inakutaka ujue urefu wake wa kwenda juu na chini, sio kilomita tu. Mafinga uko zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, Iringa mjini ni 1,500 na zaidi, alafu unashuka mpaka Mtera ambapo bwawa likijaa maji yanasimama kwenye mita 698.5. Kisha unapanda tena mpaka Dodoma kwenye 1,100 hivi. Yaani unaangusha zaidi ya kilomita moja nzima ya kimo na mzigo mgongoni, na huo uzito wote unaposhuka lazima kitu kiuzuie, kama sio injini ni breki. Nyang'oro punguza kabla ya kuanza kushuka, sio ukiwa katikati. Weka gia ambayo ungeitumia kupanda mlima huohuo, namba mbili au tatu, acha injini ishike, alafu breki unagusa kwa nguvu kidogo muda mfupi unaachia, zipumue. Kuweka mguu juu ya breki mwanzo mpaka mwisho ndo kuzipika. Na kuweka nyutro eti unaokoa mafuta, hapo sina neno la kukwambia. Ukisikia harufu, simama mapema wakati bado unaweza, usimwagie maji diski, acha zipoe zenyewe.

Chini kule bondeni ni joto na ni tambarare, mguu unataka kukanyaga. Nguvu ya gari inapanda kwa mraba wa mwendo, kutoka 60 kwenda 80 inakua karibu mara mbili, na breki ndo zitalipa hiyo tofauti. Mi nikiwa na mzigo sipiti 70, kwenye vijiji ni ile 50 ya kibao, acha umbali na gari la mbele mara mbili ya kawaida yako. Ng'ombe na mbuzi wa Wagogo jioni wanarudi nyumbani na hawana haraka, na dume la ng'ombe halijui kwamba umebeba tani. Matuta pita taratibu na yakatize sawasawa tairi zote mbili pamoja, ukipita mshazari mzigo unapepesuka. Ukishapita Mtera, kupanda upande wa Fufu angalia geji ya joto, zima kiyoyozi, shuka gia mapema kuliko kulazimisha namba nne inakohoa. Safiri asubuhi. Kutoka Iringa saa kumi na mbili asubuhi Mtera unaipita kabla jua halijakaza, na tairi zinakushukuru.

Makaratasi ni haraka tu, risiti ya EFD yenye uzito umeandikwa, na karatasi za mazao ya misitu mwulize mwuzaji akupe kabla hujalipa. Kwenye mageti ya maliasili wamezoea mkaa na mbao, ukifunua turubai wakaona vidude kama chakula cha kuku mtakaa hapo mnaelezana.

Kushusha kunaumiza mgongo kuliko kupakia kwa sababu mmechoka na mnataka kuondoka. Mfuko usivutwe na mtu aliye chini ukamwangukia, mmoja awe juu ya bodi anasogeza ukingoni, wa chini anapokea begani miguu ikiwa imepinda kidogo. Fungua mikanda taratibu ukiwa umesimama pembeni, mzigo uliohamia mlangoni ukifungua mlango unakukuta wewe.

Na hii watu hawaijui kabisa. Peleti nyingi zikikaa sehemu iliyofungwa zinatoa hewa ya kaboni monoksaidi, ileile ya jiko la mkaa ndani ya chumba, haina harufu. Ujerumani na Uswisi watu wamekufa kwa kuingia kwenye maghala ya peleti yaliyofungwa. Kwahiyo stoo ya shule iwe na madirisha yanayopitisha hewa, fungua mlango kwanza usubiri kabla ya kuingia, mlinzi asilale humo hata kama kuna joto zuri, na ukiwa na pikapu yenye kanopi ukachelewa ukalala njiani, usilale nyuma na mzigo. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na jiko. Vumbi lake linawaka vibaya pia, kwahiyo sigara nje.

Ukishashusha punguza upepo wa nyuma urudi kwenye kipimo cha gari tupu, gari tupu lenye tairi ngumu linaruka ruka kwenye matuta na breki zinateleza.

Hesabu ya pesa nimeifanya sana, na ukweli ni kwamba mifuko 39 kwa kilomita 340 faida yake ni nyembamba. Ndo maana watu wanazidisha. Mi siku hizi shule ikitaka tani tatu kwenda juu natafuta Fuso inayorudi Dodoma tupu kutoka Iringa, tunagawana nauli wateja wawili watatu, mzigo unashuka Kizota, alafu Hilux inafanya kazi ya kusambaza mjini, Kisasa, Ihumwa, Nala, mifuko 39 kwa mara moja.